Gunia la Kwanza ni la Kupimia

Ukitaka kujua mahindi yako yamepotelea wapi, usianze na ghala. Nenda nyuma ya mashine ya kupukuchua siku ya kazi, inama kwenye lundo la magunzi, uokote machache. Tazama ncha zake: je, kuna mistari ya punje iliyobaki? Chambua makapi yaliyotupwa na feni: je, kuna punje nzima ndani yake? Kisha njoo mbele, uchote kiganja cha mahindi kutoka kwenye gunia, uhesabu yaliyovunjika. Hizo ndizo njia tatu ambazo mahindi hutoroka siku ya kupukuchua. Zote tatu huzibika siku hiyohiyo, kwa spana, macho na robo saa ya subira.

Mkulima wa Kasulu, Buhigwe au Kigoma Vijijini hupanda mvua za Oktoba na Novemba zikianza, hupalilia mara mbili, hufukuza nyani, hununua mbolea kwa mkopo. Akishavuka yote hayo anaikabidhi kazi ya miezi saba kwa mashine ambayo hakuna aliyeikagua. Hapo ndipo ninapoumia. Tuchukue mtu mwenye gunia 20 za kilo 100, yaani kilo 2,000. Asilimia 3 tu ikibaki kwenye magunzi na makapi, amepoteza kilo 60, ambazo ni zaidi ya debe tatu. Hajaibiwa na mtu wala hajaliwa na panya, na pengine hatajua kamwe.

Katika nchi zinazolima mahindi kwa maelfu ya ekari, kama Marekani, kombaini huingia shambani, ikang'oa hindi kwenye bua, ikapukuchua na kupepeta kwa mkupuo mmoja. Huku kwetu ekari moja au mbili zimelala kwenye mteremko wa Manyovu, maharage yamepandwa katikati ya mistari ya mahindi, na kombaini haina pa kupita. Mkono ndio unaovuna, na mashine inafanya nusu ya pili ya kazi. Lakini ukiifungua mashine yetu ya kupukuchua utakuta viungo vilevile vilivyo ndani ya kombaini: ngoma yenye meno, wavu wa chuma chini yake, feni na chekeche. Kanuni za kuirekebisha ni zilezile pia, na zinaanza kabla injini haijawashwa.

Kitu cha kwanza ni unyevu. Hindi likikomaa shambani, kwenye kitako cha punje hutokea doa jeusi. Lile doa linasema punje imemaliza kunyonya chakula, halisemi kwamba imekauka; wakati huo bado ina unyevu wa asilimia 30 au zaidi. Ukiipeleka mashineni ikiwa hivyo, punje inapondeka badala ya kubanduka, gunzi bichi linakatika vipande, wavu unaziba, na mwendesha mashine anaongeza moto kulazimisha. Hakuna spana inayotibu mahindi mabichi. Kwa mashine zetu subiri unyevu ushuke chini ya asilimia 18, na ukiweza ufike 14. Upande wa pili nao upo: mahindi yaliyokaa juani hadi yakakauka kupita kiasi hupasuka kirahisi, kwa hiyo yanahitaji ngoma iende polepole.

Kipima unyevu cha betri ni ghali, ila mkoa wetu una chumvi ya Uvinza. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria kavu hadi iwe inateleza yenyewe, uiache ipoe. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Ikirudi chini yote na kuacha kioo kikiwa kisafi, yamekauka. Chukua punje kutoka mahindi ya katikati ya lundo, si ya juu yaliyopigwa jua. Wanaoanika Ujiji, Ilagala na vijiji vingine vya ufukweni wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa hewa ya ziwani hurudisha unyevu usiku. Jioni funika kwa turubai, na asubuhi usifunue hadi umande uishe.

Wakati unaanika, chambua. Mahindi yenye ukungu yaweke kando kabisa, yasiingie mashineni, maana ngoma itasambaza vumbi lake kwenye mahindi yote. Kisha tenga makubwa na madogo. Watu wengi huiona kazi hii kuwa ya bure, kumbe ina faida kubwa: mashine iliyopangwa kwa mahindi makubwa hupitisha madogo yakiwa na punje nusu, na iliyobanwa kwa ajili ya madogo huyasaga magunzi ya makubwa. Pukuchua makubwa kwanza, halafu rekebisha, ndipo umalizie madogo.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe.

Tatizo la kwanza ni mwendo wa ngoma, nalo linatokana na malipo. Mwenye mashine hulipwa kwa gunia, kwa hiyo kila dakika ya kusimama ni hasara kwake, na kila gunia linalojaa haraka ni faida. Simlaumu kijana anayefungua moto hadi mwisho. Utaratibu ndio unaomsukuma. Lakini ngoma iendayo kasi huvunja punje kuliko kasoro nyingine yoyote. Hesabu yake ni rahisi. Injini nyingi za dizeli za silinda moja huzunguka mara 2,200 kwa dakika zikiwa kwenye mwendo kamili. Ikiwa puli ya injini ina upana wa sentimeta 12 na ya ngoma sentimeta 36, zidisha 2,200 kwa 12, ugawanye kwa 36: ngoma inazunguka mara 730 hivi kwa dakika. Weka puli ya sentimeta 10 kwenye injini, na mwendo unashuka hadi karibu 610. Linganisha na mwendo ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibati cha mashine. Kama kibati kimeng'oka, muulize fundi aliyeiunda. Wakati mwingine injini ilishabadilishwa, puli ikabaki ileile, na tangu hapo ngoma inakimbia kuliko ilivyokusudiwa.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: tumia mwendo mdogo kabisa unaoacha magunzi yakiwa safi. Anza chini, panda taratibu. Ujue pia kwamba kwenye mashine nyingi feni huvutwa na ekseli ya ngoma. Ukipunguza mwendo wa ngoma, upepo nao unapungua, na itabidi ufungue zaidi dirisha la feni.

Baada ya mwendo, tazama ulishaji. Mtu anayetia mahindi machache machache akidhani anaitunza mashine, anavunja punje. Ngoma ikiwa nusu tupu, hindi linapigwa na chuma kutoka pande zote. Ikiwa imejaa vizuri, mahindi yanasuguana yenyewe kwa yenyewe na punje zinabanduka bila kujeruhiwa. Ukiijaza kupita kiasi nayo inalemewa, mlio wa injini unazama, na magunzi yanatoka na punje. Sikiliza mlio: unapaswa kuwa mmoja, haupandi wala kushuka. Weka mtu mmoja mwenye mkono wa kawaida alishe kwa mfululizo, na mwingine amsogezee mahindi. Wakipokezana watatu kila mmoja kwa kasi yake, mashine haitatulia.

Mkanda uliolegea huleta dalili inayofanana na kulemewa. Zima injini, bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimeta 2 hivi, ukaze. Angalia meno ya ngoma pia. Yaliyolika huteleza juu ya hindi bila kulipukuchua, na wengi huifidia kasoro hiyo kwa kuongeza kasi, ndipo chenga zinapozidi. Jino likibadilishwa, libadilishwe pamoja na la upande wa pili, la sivyo ngoma itatetemeka na kuua beringi.

Kuna nafasi kati ya meno na wavu. Gunzi linalotoka zima na safi linaonyesha nafasi iko sawa. Likitoka vipandevipande, ama nafasi imebana ama kasi imezidi, na vile vipande vidogo vitapenya kwenye wavu na kuchafua mahindi yako. Likitoka zima lakini na punje, nafasi ni pana mno au mahindi hayajakauka. Mashine za kombaini na zile za kiwandani huwa na boliti za kupandisha na kushusha wavu. Nyingi zinazochomelewa kwenye karakana zetu wavu wake haubadiliki. Kwa hizo kazi yako ni mwendo, ulishaji, na mlango wa kutokea magunzi. Mlango ukibanwa kidogo, magunzi hukaa ndani muda mrefu zaidi na kusafishwa. Ukiachwa wazi, yanakimbia kabla ya wakati.

Feni nayo ina mtego wake, kwa sababu mnunuzi anapenda kuona mahindi yanayong'aa, na ili kumpendeza tunafungua upepo wote. Punje nzima zinaruka na makapi. Funga dirisha la feni hadi uanze kuona makapi kwenye gunia, halafu fungua kidogo tu hadi yapungue. Afadhali upepete mara moja kwa ungo nyumbani kuliko kutupa punje nyuma ya mashine. Na kabla ya yote haya hakikisha mashine imekaa sawa. Kwenye miteremko ya Heru Juu na Munanila nimeona mashine zimeegeshwa zimeinama upande mmoja, chekeche inapokea mahindi kwenye ukingo tu, na yanamwagika. Mawe mawili chini ya gurudumu yanatosha.

Hapo ndipo gunia la kwanza linapofanya kazi yake. Kabla ya kuanza, tandika turubai kubwa nyuma ya mashine, kila kinachotoka huko kiangukie humo. Pukuchua gunia moja la kilo 100, kisha omba mashine isimame. Kijana atakwambia, "Mama, mafuta yanaungua." Mjibu kwa utulivu kwamba umeshapatana na mwenye mashine, na ndiyo maana mapatano hayo yafanyike mapema, bei ya gunia ikiwa pamoja na robo saa ya kupima. Mwenye mashine mwenye akili atakubali, maana wateja hurudi kwa asiyewavunjia mahindi.

Sasa fanya mafungu mawili. Bandua kwa mkono punje zilizobaki kwenye magunzi, uziweke kwenye fungu moja. Pepeta makapi kwa ungo, na punje nzima zilizolegea ziweke kwenye fungu la pili. Pima kila moja kwa mizani. Kwa gunia la kilo 100, kila kilo unayopata ni kama asilimia 1. Mafungu hayo usiyachanganye, kwa sababu dawa zake ni tofauti: la kwanza linakutuma kwenye unyevu, mkanda, meno na nafasi ya wavu, la pili linakutuma kwenye feni, chekeche na kukaa kwa mashine. Mafungu yote mawili kwa pamoja yakizidi kilo moja, mimi singeruhusu gunia la pili kabla ya kurekebisha.

Kwa chenga, chota viganja kutoka juu, katikati na chini ya gunia, changanya, hesabu punje 100 bila kuchagua, kisha tenga zilizovunjika au kupasuka. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, ambacho Tanzania inakifuata, kinaruhusu punje zilizovunjika asilimia 2 kwa uzito kwa daraja la kwanza, 4 kwa la pili na 6 kwa la tatu, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiona tisa au kumi katika mia, umeshatoka kwenye madaraja yote matatu kabla gari halijapakia.

Rekebisha kitu kimoja, pukuchua debe chache, pima tena. Ukigusa puli, feni na mlango kwa pamoja, mambo yakitengemaa hutajua kilichosaidia, na yakiharibika hutajua pa kurudi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nizikazanie chenga wakati zinasagika unga kama punje nyingine. Jibu liko jirani, Tabora. Ni huko Urambo, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, ambako dumuzi mkubwa kutoka Amerika ya Kati alianza kuonekana akigeuza mahindi kuwa vumbi maghalani, kisha akaenea Afrika Mashariki nzima. Wakati ule wakulima walishauriwa waache desturi ya kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi: wapukuchue, wachanganye na dawa ya unga, waweke magunia. Ushauri ule bado una nguvu, lakini punje iliyopasuka hufungulia mlango wadudu wengine wengi wa ghalani na ukungu unaozaa sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Nchini Kenya mwaka 2004 vifo vilikuwa 125. Haya hayakusababishwa na mashine. Yalitokana na mahindi yaliyolowa na kuhifadhiwa vibaya. Lakini mahindi yenye unyevu yaliyopasuliwa na ngoma ni makao mazuri ya ukungu huo, na sumu yake huwezi kuiosha wala kuichemsha ikatoka.

Kwa hiyo chenga zichekeche siku hiyohiyo. Zilizo safi na kavu kuku au mashine ya unga wazipokee ndani ya wiki chache. Mahindi mazima ndiyo yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Mahindi yasiyokauka yakifungwa humo yataoza, hata mfuko uwe mpya namna gani.

Wapo ndugu zetu waliohamia kulima Katavi na Rukwa, au wanaokodi mashamba makubwa yanayovunwa kwa kombaini. Kwao niseme mambo machache. Hasara nyingi hutokea mbele ya mashine, hindi zima linapodondoka kabla ya kuingia. Punguza mwendo wa gari, na panga zile sahani mbili zinazolishika hindi ili nafasi ya mbele iwe nyembamba kidogo kuliko ya nyuma, bua lipite na hindi lisipite. Kisha shuka utembee nyuma. Hindi moja lililoachwa katika kila mita 40 za mraba, likiwa na punje za gramu 150, ni kilo 15 kwa ekari. Pima mita moja ya mraba kwa kamba, hesabu punje zilizoanguka: punje 20 ni takriban kilo 25 kwa ekari. Rudia sehemu kadhaa, za mbele ya kombaini kabla haijapita na za nyuma baada ya kupita, ili usiilaumu kwa yale yaliyodondoshwa na upepo au mchwa. Uvunaji wa kombaini huanza mahindi yakiwa na unyevu zaidi kuliko wetu wa mkono, kati ya asilimia 20 na 25, mradi kuna pa kukaushia. Pasipokuwepo, subiri.

Mbegu usiipitishe mashineni. Kama unatunza mbegu za aina isiyo chotara, kama Staha au TMV-1, chagua mahindi bora shambani, yapukuchue kwa mkono, uache punje za ncha na za kitako. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kuua kiini, na utaujua Novemba mistari ikiota mapengo.

Jambo la usalama halina mjadala. Kanga na mikono mirefu iliyolegea visikaribie mkanda, watoto wakae mbali, na mtu asiingize mkono ndani ya mashine kabla injini haijazimwa na ngoma haijasimama kabisa. Moshi uelekezwe mbali na magunzi makavu.

Mwisho wa kazi, kabla mashine haijaondoka kwenda kwa jirani, iachwe izunguke tupu kidogo, izimwe, ifunguliwe na kufagiliwa ndani: kwenye wavu, chini ya chekeche, kwenye pembe za feni. Punje zinazobaki humo zinasafiri na dumuzi wake hadi boma linalofuata, na kabla ya hapo zilisafiri kuja kwako, kwa hiyo fagia inapofika pia. Magunzi ya kupikia yasirundikwe ukutani mwa chumba cha mahindi. Yaanike juani, kuku wayapitie, kisha yawekwe mbali na ghala na yachomwe mapema. Andika kwenye daftari upana wa puli mliotumia, dirisha la feni lilipofunguliwa, na kilo ulizopata nyuma ya mashine, umwonyeshe mwenye mashine mkipatana bei ya msimu ujao.